Kutia Rangi Katika Sabuni ya Nyumbani

Mtu atengenezaye sabuni nyumbani na kuipeleka sokoni ajua kwamba jicho la mnunuzi hutangulia mkono wake. Kipande chenye rangi nzuri huchukuliwa kwanza. Lakini rangi hiyo hiyo, ikitiwa vibaya, yaweza kuharibu kazi yote: shati jeupe likipata madoa, mnunuzi harudi tena, na jirani zake hupata habari kabla jua halijatua.

Kosa la kawaida ni kumwaga unga mkavu wa rangi moja kwa moja katika sabuni. Unga huo hufanya madonge. Nje hulowa, ndani hubaki mkavu, kama unga wa uji uliotupwa katika maji yachemkayo. Sabuni ikiisha kuganda, madonge huonekana kama madoadoa, na yakipasuka wakati wa kufua hupaka nguo.

Njia iliyo bora ni hii. Kwa kila kilo 1 ya mafuta, vyatosha vijiko 2 vya chai vya unga wa rangi. Unga huo uchanganywe kando na vijiko 2 vikubwa vya mafuta, yatolewe katika yale yale yaliyokwisha kupimwa. Upondwe kwa mgongo wa kijiko hata isionekane chembe, kisha uchujwe. Mafuta na maji ya soda kali vikiisha kukorogwa hata vikawa kama uji mwepesi, na mwiko ukiacha alama juu yake, ndipo rangi itiwe. Ikitiwa mapema mno, chembe nzito huzama; ikicheleweshwa, sabuni hushikana kabla rangi haijaenea.

Si kila rangi iwezayo kustahimili ukali wa soda. Bizari ya manjano huwa nyekundu mara ikutanapo nayo, baadaye hurudia umanjano, lakini jua huififisha. Unga laini wa makaa haubadiliki, ila ukizidi povu huwa la kijivu. Rangi za oksidi ya chuma, ambazo ni jamii moja na kutu, hudumu sana. Buluu ya ultramarini nayo hudumu. Zamani ilipatikana kwa kusaga jiwe la thamani lililochimbwa Afghanistan. Mwaka 1828 Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipewa tuzo kwa kuvumbua namna ya kuitengeneza kwa bei nafuu.

Rangi za ukutani zisitumiwe kabisa. Baadhi ya unga wa manjano na mwekundu wa aina hiyo huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na watoto ndio wadhurikao zaidi. Inunuliwe rangi iliyoandikwa kuwa yafaa kwa sabuni.

Soda kali yenyewe yataka hadhari. Soda ndiyo itiwayo katika maji, wala si maji katika soda. Sufuria ya alumini isitumiwe, kwa maana soda huila. Watoto wakae mbali, na ikimrukia mtu, aoshwe mara moja kwa maji mengi.

Baada ya majuma 4 sabuni ijaribiwe kwa kusuguliwa katika kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Kitambaa kikitoka safi, sabuni iende sokoni. Kikitoka na rangi, kipimo kipunguzwe safari nyingine. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.