Barua isiyo na bahasha: ginsi ya kumtafuta ndugu soda wakati wa vita



Tangu Goma ianguke mwisho wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, kuna swali moja ninalolikuta kila nikifika nyumbani Mokambo: "Mtoto wetu ni soda, alikuwa kule Kivu, telefone yake haiitike tena. Tufanye nini?" Wengi wanajibiwa wangoje. Wengine wanatoa franka kwa mtu anayesema anajua mkubwa fulani wa jeshi. Ninaandika kueleza njia nyingine, ya zamani kuliko WhatsApp, ambayo Katanga yetu inaijua: ujumbe wa Msalaba Mwekundu.

Wazee watakumbuka. Vita ilianza tarehe 2 Agosti 1998, na Katanga ikakatwa vipande viwili. Lubumbashi na huku kusini tulibaki chini ya Kinshasa. Kalemie na Moba zilishikwa na RCD pamoja na jeshi la Rwanda. Desemba 2000 Pweto nayo ikaanguka, na watu maelfu, raia na basoda, wakavuka kuingia Zambia. Raia wengi walijikuta katika kambi za Kala na Mwange. Posta haikuvuka mstari wa vita. Telefone ya mkono ilikuwa ya watu wachache. Kulikuwa na foni, ile redio ya kusemea, lakini pale kila mtu aliyekaa anasikia shida ya nyumba yako.

Sisi wa Mokambo tuko na bahati ya barabara. Mufulira iko ng'ambo tu, na kutoka hapa njia inakata udongo wa Kongo mpaka inatokea upande wa Luapula. Barua ya mkononi inaweza kupita na dereva ao na mama mchuuzi. Lakini barua ya mkononi inafika tu kama mbebaji anajua mahali pa kufika. Tena, wakati wa vita, karatasi inayotoka kwa soda wa upande ule, ikikutwa mfukoni kwenye bariere, inaweza kumfanya mbebaji aitwe mpelelezi.

Ujumbe wa Msalaba Mwekundu unapita kwa sababu moja: haufichi kitu. Ni karatasi moja, wazi, bila bahasha. Juu unaandika majina yako na majina ya unayemwandikia; chini unaandika habari za jamaa tu; na kuna nafasi ya jibu. Wa volontere wanausoma mbele ya kuupeleka, na kama mtu yuko kizuizini, wakubwa wa gereza nao wanausoma. Ukitaja kikosi, silaha, mahali jeshi lilipo ao siasa, hauendi. Hulipi kitu. Asiyejua kuandika anasema, volontere anaandika.

Mtu atauliza: sasa barua kama hiyo inasema nini? Inasema: "Niko muzima. Mama alipona. Batoto wanasoma. Uko wapi?" Kwa mtu aliyekaa mwaka mzima bila kujua kama afanye kilio ao angoje, maneno hayo manne yanatosha. Mke anajua kama ni mjane ao hapana.

Njia hii haikuanzia kwetu. Katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Hispania, 1936 mpaka 1939, CICR ilipitisha ujumbe karibu milioni 5 kati ya jamaa zilizotengwa na mstari wa mbele. Kisha sheria ikafuata. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, kifungu cha 25, unasema watu waachwe wapeane habari za jamaa. Huo uliandikwa hasa kwa vita kati ya nchi na nchi. Kwa vita ya ndani, Protokoli ya Pili ya 1977, kifungu cha 5, inasema mtu aliyefungwa kwa ajili ya vita aruhusiwe kutuma na kupokea barua. Kongo iliikubali mwaka 2002. Kwa hiyo soda aliyekamatwa akiomba kuandikia mama yake, anaomba haki yake.

Sasa shida kubwa: majina. Tangu 1972, wakati wa Mobutu, majina ya ubatizo yalikatazwa na kila mtu akashika jina la ukoo. Baadaye ya ubatizo yalirudi. Matokeo yake, mtu mmoja ni Jean nyumbani, ni jina lingine kwenye karatasi za jeshi, na kikosini wenzake wanamwita kwa jina la vita. Mama anapoandika "Yaya Jean, soda, Kivu", volontere anaanzia wapi? Karatasi inarudi kwa mwenye kuituma, na mama anafikiri mtoto alikufa, kumbe ni jina tu halikutosha.

Basi, kwa walio na ndugu jeshini: andikeni sasa, kwenye kayee ya nyumba, majina yake yote na lile la kikosini, majina ya baba na mama, tarehe na kijiji alichozaliwa, na shefferi yake, picha moja, siku ya mwisho aliposema nanyi na mahali alipokuwa. Kama hamjui aliko, hamna pa kutuma ujumbe: hapo mnafungua ombi la kutafuta kwa Msalaba Mwekundu, na hayo ndiyo watakayowauliza.

Jibu linaweza kukawia, na mara nyingine halipatikane. Lakini watu wanaonekana. Mwisho wa Aprili 2025 CICR ilianza kusindikiza kutoka Goma mpaka Kinshasa basoda na polisi mia kadhaa walionyang'anywa silaha, waliokaa kambini mwa MONUSCO tangu Januari, pamoja na jamaa zao. Kila mmoja wao alikuwa na mtu mahali fulani anayepiga telefone isiyoitika.

Mama wa kartye yenu labda hatasoma mistari hii. Wewe uliyesoma, umuendee na kalamu.