Setilaiti ina jina la Kiswahili, matokeo yake je?

Juzi kijana mmoja anayesomea uzamili hapa Eldoret alinijia na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ikisiri ya makala anayotaka kuwasilisha kwa jarida la kimataifa la tafiti za setilaiti zinazoichunguza dunia. Ya pili ilikuwa tupu.

“Mwalimu,” akaniambia, “nisaidie kuiandika hii kwa Kiswahili. Nilipokuwa nikipima mashamba kule Moiben, mama mmoja aliniuliza, ‘Ukimaliza kuandika, sisi tutasoma wapi?’ Nilikosa la kumjibu.”

Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Kumbe tungekaa mchana kutwa!

Hebu kwanza tutofautishe gazeti na jarida la kitaaluma. Gazeti ulilonalo mkononi huhaririwa leo, kesho likawa mezani pako. Jarida la kitaaluma haliendi mbio hivyo. Mhariri huituma makala kwa wataalamu wawili au watatu wa fani iyo hiyo, ambao aghalabu mwandishi hawajui. Hao ndio wahakiki. Huuliza maswali, hudai marekebisho, na mara nyingi husema makala isichapishwe. Shughuli hiyo huchukua miezi, wakati mwingine mwaka mzima. Ukiahidiwa kuchapishiwa kwa siku tatu bila swali hata moja, mradi utume pesa, jua unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Fani yenyewe si changa. Jarida la Remote Sensing of Environment, mathalani, lilianza mwaka wa 1969, miaka mitatu kabla ya Marekani kurusha setilaiti ya kwanza ya Landsat mnamo Julai 1972. Tangu 2008 picha za Landsat hutolewa bure, na zile za Sentinel za Ulaya hali kadhalika. Ndiyo maana mwanafunzi wa Eldoret mwenye kipakatalishi na intaneti anaweza kuchunguza ardhi ya Uasin Gishu kwa data ile ile anayoitumia profesa wa Paris.

Basi tukaanza. Sentensi yake ya kwanza niliitafsiri hivi: “Setilaiti iliona mahindi.” Nikaisoma kwa sauti. Kijana akacheka. “Hapana, Mwalimu. Setilaiti haioni mahindi. Inapima mwanga.”

Nikamwambia anieleze kama anavyoweza kumweleza yule mama. Akasema jani bichi hunyonya mwanga mwekundu wa jua, lakini hurudisha kwa wingi mionzi ya infraredi ambayo jicho letu haliioni. Setilaiti hupima zote mbili. Mtafiti huchukua kiasi cha infraredi, akatoa kiasi cha nyekundu, kisha akagawanya kwa jumla ya vyote viwili. Tuseme infraredi ni 0.45 na nyekundu ni 0.05. Tofauti yake ni 0.40, jumla ni 0.50, na jibu ni 0.8. Hiyo ni dalili ya mimea iliyostawi. Udongo mtupu hutoa jibu dogo, karibu na sifuri. Hesabu hiyo tukaiita fahirisi ya uoto.

Lakini ngano nayo ni kijani. Nyasi za ng’ombe pia. Nambari peke yake haisemi “mahindi”. Anayesema ni mtafiti. Hivyo tukaiandika upya: “Setilaiti ilipima mwanga uliorudi kutoka mashambani, nasi tukakadiria palipokuwa na mahindi.” Kitenzi kimebadilika, na mwenye kuwajibika amejulikana. Papo hapo likazuka swali ambalo mhakiki yeyote makini angeuliza: mlijuaje? Jibu lake ni kwamba alifika shamba baada ya shamba, akaandika kilichopandwa. Wataalamu wana istilahi ya Kiingereza kwa kazi hiyo, ambayo ikitafsiriwa neno kwa neno inakuwa “ukweli wa ardhini”. Jameni, hilo linasikika kama mahubiri ya mazishi! Tukachagua “uthibitisho wa shambani”.

“Pikseli” tuliliacha lilivyo, mradi lielezwe. Kwa bendi kuu za Sentinel-2, pikseli moja ni mraba wa mita 10 kwa 10. Ekari moja huingia miraba kama 40. Kwa Landsat mraba ni mita 30 kwa 30, na ekari hiyo hiyo hupata miraba minne na nusu tu. Mwenye robo ekari, basi, hupata takriban mraba mmoja, nao haufuati ua wake. Huchanganya mahindi yake, njia, na pengine sukumawiki za jirani. Mkulima akilielewa hilo, ataelewa pia kwa nini ramani inaweza kumkosea, na atakuwa na hoja siku ambayo mtu atakuja kumwambia kuwa “setilaiti imesema” shamba lake halikuathiriwa na ukame.

Mawingu je? Mwezi wa Julai na Agosti, mahindi yakiwa yamerefuka, anga ya huku kwetu hufunga siku nyingi, na chombo kinachotegemea mwanga wa jua hakipenyezi wingu. Watafiti hugeukia rada, kama ya Sentinel-1, ambayo hutuma mawimbi yake yenyewe na kupita mawinguni. Hayo yote tuliyasema kwa Kiswahili, na hatukukwama.

Kenya ina historia ya ajabu katika jambo hili. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za Jamhuri, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Hiyo ilichunguza nyota. Mnamo 15 Aprili 2023 ikarushwa kutoka California setilaiti yetu ya kuchunguza ardhi, Taifa-1. Vyombo vyote viwili vina majina ya Kiswahili. Inakuwaje basi chombo kiitwe kwa Kiswahili, halafu kinachojulikana kutokana na tafiti za aina hiyo kisisemwe kwa lugha hiyo hata kwa aya moja?

Makala za Kiswahili katika majarida yetu ya kitaaluma aghalabu hubeba ikisiri ya Kiingereza ili mgeni asiachwe nje. Kwa nini makala ya Kiingereza kuhusu ardhi yetu isibebe ikisiri ya Kiswahili ili mwenyeji asiachwe nje? Majarida mengi ya sayansi hupokea viambatisho. Ukurasa mmoja haumgharimu mtafiti ila mchana mmoja, na nakala yake inaweza kusomwa kwenye baraza la chifu.

Kijana aliondoka jioni, karatasi zote mbili zimejaa. Ya Kiswahili anaipeleka Moiben. Ile ya Kiingereza nayo aliirekebisha kabla ya kuituma kwa mhariri: alifuta neno “iliona”, akaandika “ilipima”.