Jeki Haikopeshi

Kando ya barabara pale Mlaleo, Kisauni, kijana mwembamba anapampu jeki kwa mkono mmoja. Wa pili umeshika simu. Matatu inapanda. Nilipomuuliza nguvu hiyo inatoka wapi, alijibu bila kusita: "Ni mafuta, mwalimu. Mafuta yana nguvu."

Mafuta hayana nguvu yoyote. Sifa yake ni kukataa kubanwa. Yakisukumwa upande mmoja, shinikizo husambaa kwa kipimo kilekile kila yanapogusa, kama alivyoeleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17. Ndani ya jeki mna pistoni mbili zinazoshiriki mafuta hayo. Tuseme nyembamba ina kipenyo cha sentimita 1, nene sentimita 5. Wanafunzi wangu hukimbilia kusema nguvu imezidi mara 5. La! Shinikizo husukuma eneo, na eneo hufuata mraba wa kipenyo: mara 25. Mpini nao ni wenzo. Ukizidisha mara 10, mkono unaokandamiza kwa uzito wa kilo 20 utainua tani 5, ukiacha kinacholiwa na msuguano.

Lakini tazama gari linavyopanda: unywele kwa unywele. Pistoni nyembamba ikishuka sentimita 2, nene hupanda milimita 0.8 tu. Sentimita 10 zinadai kupampu mara 125. Kijana amepunguziwa uzito, akalipishwa mwendo, papo hapo.

Presi ya gereji, ile inayong'oa bushi na beringi zilizoshikwa na kutu ya hewa yetu ya chumvi, ni jeki hiyohiyo iliyofungwa kwenye fremu ya chuma. Mwingereza Joseph Bramah aliipatia hataza mwaka 1795. Hesabu haikuwa taabu. Taabu ilikuwa mafuta au maji kuvuja kandokando ya pistoni. Tiba ikawa ngozi iliyokunjwa kama kikombe: shinikizo likizidi, ndivyo linavyoibana zaidi ukutani. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mpira.

Adui mwingine ni hewa. Hewa hubanika, kwa hiyo ikiingia ndani unapampu na jeki haiendi, sawa na pedali ya breki inayozama hadi sakafuni.

Katika mfano wetu, kila sentimita ya mraba ndani ya jeki inabeba takriban kilo 255, zaidi ya mara mia ya upepo wa tairi la gari dogo. Kinachozuia yote hayo yasitoke ni pete ya mpira unayoweza kuivaa kidoleni.

Kabla hajaingia chini kufungua springi, kijana alisukuma gogo nene chini ya ekseli. Nikamtania: kumbe huyaamini mafuta yako?

"Mafuta nayaamini, mwalimu. Huo mpira ndio siuamini."