Umeme katika vyumba vya kupanga Kampala: dalili zisizongoja asubuhi



Wewe unayesoma kurasa hizi ukiwa Nakivale, Kyaka II au Kyangwali, huenda nyumbani kwako hakuna waya hata mmoja wa umeme. Unatumia taa ya sola au tochi, na hatari unayoijua ni moshi wa kuni na moto wa kibatari. Lakini wengi wenu mnakuja Kampala. Wengine mnatumwa na daktari kwenda Mulago, wengine mnafuata biashara, wengine mnakuja kumuuguza ndugu. Mkifika mnalala Katwe, Nsambya, Kisenyi, Bwaise au Makindye, katika vile vyumba ambavyo Waganda huviita mizigo: chumba kimoja, mlango mmoja, na ukuta mnaochangia na jirani. Hapo ndipo umeme unapokukuta hujajiandaa. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea hapa mjini, na safari hii sizungumzii malaria wala maji ya kunywa.

Msimu wa mvua uliopita mama mmoja wa kutoka Kivu alinieleza habari ya mlango wake wa chuma. Kila akirudi kutoka bombani miguu ikiwa imelowa, akishika komeo, mkono unamchonyota mpaka kwenye kiwiko. Siku za jua hakuna kitu. Jirani mmoja alimwambia ni baridi ya chuma tu. Mwingine alimwambia kuna mtu amemwekea kitu mlangoni, akapelekwa kuombewa. Kuomba si vibaya, lakini mlango uliendelea kuchonyota. Mwishowe akawa anafungua kwa kitambaa, na watoto wake wawili akawafundisha kufungua kwa kitambaa. Waliishi hivyo wiki tatu.

Fundi alipokuja alitoa testa, ile bisibisi ndogo yenye taa ndani. Taa iliwaka kwenye mlango. Ikawaka kwenye bati la ukuta. Ikawaka hata kwenye waya wa kuanikia nguo uliofungwa kwenye nguzo ya paa. Kumbe msumari wa paa ulikuwa umetoboa waya uliopitishwa juu ya mbao. Umeme ukaingia kwenye bati, bati likagusa fremu ya mlango, na yule mama mwenye miguu ya maji akawa ndiye njia ya umeme kwenda ardhini.

Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Alinijibu kwamba mwenye nyumba angesema wakimbizi wana maneno mengi, angemtoa, na mwezi alikuwa ameshaulipa. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike.

Kwa nini inachonyota leo na haichonyoti kesho?

Umeme wa Uganda unaoingia nyumbani ni volti 240. Nguvu hiyo inatosha kusimamisha moyo wa mtu mzima. Ngozi kavu na kandambili ya mpira huuzuia kidogo, ndiyo maana siku kavu unasikia kidogo au husikii kabisa. Ukiwa umelowa, au ukisimama peku kwenye sakafu yenye maji, kizuizi hicho hakipo tena. Kwa hiyo usiseme kwamba shoti ni ndogo. Ilikuwa ndogo kwa sababu ya viatu vyako. Mtoto akitoka kuoga atashika mlango huo huo, na kwake haitakuwa ndogo.

Nyumba iliyofungwa umeme vizuri ina waya wa tatu, waya wa ethi, ambao ni wa kijani au kijani na njano. Unashuka mpaka kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini. Umeme ukipotea njia, waya huo unaubeba na breka inakata. Katika mizigo mingi waya huo haupo, au upo umeishia ukutani. Angalia soketi: matundu ni matatu, lakini ukimwita fundi aifungue mara nyingi utaona nyaya mbili tu nyuma yake.

Dalili ambazo hazingojei

Ukipigwa shoti na kitu ambacho si cha umeme, yaani mlango, bati, bomba la maji au waya wa nguo, hiyo ni dharura. Usingoje asubuhi, usingoje mwenye nyumba arudi kutoka kijijini. Zima meni swichi, watoe watoto nje, waambie majirani wote wa msitari huo, kwa sababu bati lenu ni moja.

Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, au harufu kama ya samaki aliyeoza wakati hakuna anayepika samaki, nusa karibu na soketi na swichi. Plastiki ya soketi ikipata joto sana hutoa harufu hiyo. Peleka mgongo wa mkono karibu na ukuta bila kuigusa soketi. Ikiwa kuna joto, au pameingia weusi, au unasikia sauti kama ya nyuki, moto umeshaanza ndani hata kama huuoni.

Maji ya mvua yakishuka kwa kufuata waya mpaka kwenye balbu au swichi, zima. Sisi tunaishi katika mji wenye mvua mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na walioko Bwaise wanajua maji yanavyopanda mpaka kitandani. Maji yakikaribia soketi za chini, zima meni swichi wakati bado unaweza kuifikia kwa miguu mikavu. Kama maji yameshafika na meni swichi iko upande wa pili wa maji, usiyavuke. Toka nje, ita kampuni ya umeme wakate kutoka kwenye nguzo.

Iko nyingine ambayo watu huifurahia bila kujua. Balbu za chumba chako zinawaka sana kupita kawaida, na za jirani zinafifia. Huo si umeme mzuri. Mara nyingi ni waya wa nyutro uliolegea, pengine kwenye nguzo, na simu zenu na redio zitaungua kabla hamjamaliza kusifu mwanga. Zima, waite.

Na breka inayoruka kila mara ukiirudisha, iache chini. Inakuambia kitu. Nimeona watu wakiizuia kwa kipande cha mti, wengine wakiondoa fyuzi na kuweka waya wa shaba. Hapo umemfunga mdomo mlinzi wa nyumba.

Kuna mambo ambayo yanaweza kungoja siku moja au mbili: swichi iliyovunjika kifuniko lakini hakuna nyaya zinazoonekana, balbu inayocheza peke yake wakati nyingine ziko sawa, soketi iliyokufa bila harufu wala joto. Usiyatumie, weka alama, mwambie mwenye nyumba.

Ekstensheni moja, vyombo vitano

Mizigo mingi ina soketi moja tu, au haina kabisa na umeme unatolewa kwenye balbu. Basi tunanunua ekstensheni. Fanya hesabu pamoja nami. Plagi ya kawaida ya miguu mitatu inabeba ampia 13, ambayo kwa volti 240 ni kama wati 3,000. Birika la umeme peke yake linaweza kula wati 2,000. Jiko la koili 1,000 mpaka 1,500. Pasi zaidi ya 1,000. Ukichomeka birika na jiko pamoja umeshapita, na ekstensheni za bei rahisi zenye waya mwembamba hazifiki hata hizo 3,000. Simu, redio na balbu hazina shida, hazili sana. Chombo chochote kinachotoa joto kichomeke peke yake, ukutani, na ukae hapo hapo mpaka umalize.

Kosa moja linatokea sana tangu mita za Yaka zilipoingia. Yuniti zinakwisha mtu akiwa anapiga pasi. Anaiacha kitandani imechomekwa, anatoka kutafuta hela. Jirani ananunua yuniti saa nne usiku, umeme unarudi chumba kizima, na pasi iko juu ya godoro. Umeme ukikatika, kabla hujawasha mshumaa, chomoa.

Umwite nani?

Waya wa nje, nguzo na mita ni vya kampuni. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 kampuni hiyo ni UEDCL, iliyochukua kazi kutoka kwa kampuni iliyoitwa Umeme, ambayo ilikuwa inagawa umeme tangu 2005. Ukikuta namba ya zamani imeandikwa ukutani, usiitegemee. Pitia ofisi ya UEDCL iliyo karibu uchukue namba ya sasa ya dharura. Kuanzia mita kuja ndani ni kazi ya mwenye nyumba, na anayeruhusiwa kuigusa ni fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme nchini. Mwombe akuonyeshe kibali. Fundi wa kweli hakasiriki kwa hilo.

Wako na wale wanaoitwa kamyufu. Hao hupanda nguzo usiku, wanaunganisha waya bila mita, bei rahisi. Sheria ya umeme iliongezewa adhabu mwaka 2022, na askari wakija hawataangalia kama wewe ni mpangaji tu. Lakini mimi kama mtu wa afya naangalia jambo jingine: waya wa kamyufu mara nyingi hauna breka yoyote. Ukigusa bati, hakuna kitakachokata.

Waya ulioanguka usiukaribie hata kama hautoi cheche. Tarehe 2 Februari 2022, Kinshasa, waya wa umeme mkubwa ulikatika ukaangukia soko la Matadi-Kibala wakati wa mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao akina mama waliokuwa wakiuza, na maji yaliyokuwa chini yaliubeba umeme mpaka kwa ambao waya haukuwagusa. Kaa mbali hatua 10 au zaidi, zuia watoto, piga simu. Ukijikuta uko karibu, ondoka kwa hatua fupi fupi za kuburuza miguu bila kuinua, usikimbie.

Mtu akishikwa na umeme

Usimshike. Najua ni mwanao. Ukimshika mtakuwa wawili. Zima meni swichi au chomoa plagi. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu, ubao au ndala za mpira, umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Hili ni la umeme wa ndani tu. Waya wa nguzo kubwa usijaribu kwa mti wowote.

Akishaachana na umeme, angalia kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka apumue au msaada ufike. Maziwa hayasaidii, na mtu aliyezimia atayavuta mapafuni. Palipoungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

Hata kama ameamka na anacheka, mpeleke hospitali ikiwa alizimia, ana alama ya kuungua, moyo unakwenda vibaya, au ni mjamzito. Jeraha la umeme hudanganya: nje ni tundu dogo kama punje ya maharage, ndani nyama imeungua. Wenye majeraha makubwa ya moto hapa Kampala hupelekwa Kiruddu, Makindye. Moto ukiwaka nyumbani, usimwage maji kabla umeme haujazimwa. Tumia mchanga ukiwa mdogo, vinginevyo toka na upige 999 au 112.

Kuhusu mwenye nyumba

Nyaya za ndani ni mali yake na wajibu wake, si wako. Usiende peke yako. Nendeni wapangaji watatu au wanne, Waganda na wakimbizi pamoja, kwa sababu bati linalochonyota halichagui. Akikataa, nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, mwambie mbele ya watu kile fundi alichokiona. Pale kwa yule mama tulifanya hivyo. Mwenye nyumba alinung'unika siku mbili, kisha akaleta fundi, waya ukapitishwa ndani ya bomba la plastiki na chuma cha ethi kikachimbiwa nyuma ya choo. Mama hajatolewa. Watoto walichukua muda kuamini. Mdogo bado hufungua mlango kwa kitambaa.

Siku unapopanga chumba, kabla hujatoa hela, uliza meni swichi iko wapi. Ikiwa iko ndani ya chumba cha mtu anayefunga na kufuli akienda kazini, omba ufunguo wa pili ukae kwa jirani anayeshinda nyumbani. Kisha uliza kama kuna ethi, na umwombe akuonyeshe chuma chake.