Upele wa Mbwa Mzee na Mwasho wa Wenye Nyumba

Katika kaya za wafugaji pembezoni mwa Mpanda, mkoani Katavi, mbwa mzee anaponyonyoka manyoya na kutoa harufu mbaya, husemwa kuwa ni uzee tu. Uzee wenyewe haunuki. Harufu hutokana na bakteria na fangasi wanaostawi katika ngozi iliyochubuka, mikunjo na masikio, au na meno yaliyooza. Mara nyingi aliyetangulia kuiharibu ngozi ni mdudu wa upele, asiyeonekana kwa macho, anayechimba hasa kingo za masikio na viwiko.

Mdudu huyo humpanda binadamu pia. Anayembeba mbwa au kulala karibu naye huota vipele vyenye mwasho mikononi na tumboni. Hata hivyo, mdudu huyo hadumu katika ngozi ya mtu; mbwa akitibiwa, mwasho hukoma baada ya wiki chache. Kwa hiyo mgonjwa anaporudi zahanati akijikuna vilevile licha ya dawa ya kupaka, mhudumu hana budi kuuliza kama nyumbani kuna mbwa. Upele wa binadamu ni mwingine: huambukizwa kati ya mtu na mtu, hupendelea katikati ya vidole, na kaya nzima hutibiwa pamoja.

Oili chafu ya magari, ambayo baadhi ya watu humpaka mbwa, huunguza ngozi, naye huilamba ikamdhuru. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo isikisiwe. Daktari wa mifugo hukwangua ngozi kidogo na kuitazama kwa hadubini ndipo achague dawa. Kwa mbwa mzee hutafuta pia ugonjwa uliojificha uliodhoofisha kinga yake.