Kutu, Adui wa Bunduki Iliyolala

Katika nchi iliyo kando ya Ziwa Victoria, tokea Homa Bay kwenye Ghuba ya Winam hata Karungu na Muhuru katika Kaunti ya Migori, chuma hakina raha. Mvua kubwa hunyesha tangu Machi hata Mei, mvua ndogo hurudi mwishoni mwa mwaka, na hata siku za kiangazi upepo wa ziwani huingiza unyevu majumbani. Jembe likiliwa na kutu, hasara yake ni shilingi chache. Bunduki ikiliwa na kutu, hasara yaweza kuwa mkono au jicho la mtu.

Wenye silaha katika sehemu hizi si wengi. Wako askari polisi, wako askari wa wanyama katika bonde la Lambwe, ambako Ruma ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983 na ambako korongo wachache waliobaki Kenya hulindwa, na wako raia wachache wenye vyeti. Bunduki ya raia huweza kulala miezi mingi bila kupiga hata risasi moja, na kulala huko ndiko kunakoiponza.

Yafaa kwanza kufahamu kutu ni nini. Kutu si uchafu utokao nje ukakaa juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kilichobadilika kwa kuunganika na hewa na maji. Si lazima mvua iinyeshee. Hewa ikiwa na unyevu zaidi ya sehemu 60 katika 100 ya ule inaoweza kuuchukua, kutu huenda mbio. Usiku chuma hupoa, na hewa yenye unyevu ikikigusa huacha umande mwembamba usioonekana kwa macho. Alama ya kidole chenye jasho nayo hufanya vivyo hivyo, kwa maana jasho lina chumvi, na chumvi huvuta maji.

Chumvi hiyo askari wa zamani wa Keya waliijua sana. Fataki za risasi za siku zile ziliacha chumvi ndani ya mtutu kila bunduki ilipopigwa, na mafuta hayawezi kuyeyusha chumvi. Kwa hiyo walimimina maji ya moto ndani ya mtutu, wakaukausha kabisa, ndipo wakapaka mafuta. Bunduki zao za Lee-Enfield zilikuwa na tundu katika kitako, na ndani yake kulikuwa na chupa ndogo ya mafuta na kamba yenye uzito wa shaba ya kuvutia kitambaa ndani ya mtutu. Risasi nyingi za siku hizi hazina chumvi hiyo, lakini zile za zamani zilizobaki huweza kuwa nayo.

Kwamba chuma huokolewa kwa kushughulikiwa mapema, mizinga ya Königsberg ni ushahidi. Manowari hiyo ya Kijerumani ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915. Wajerumani hawakuiacha mizinga yake 10 ilale majini. Waliitoa, wakaipeleka Dar es Salaam kutengenezwa, na ikapigana tena nchi kavu. Mmoja wao umewekwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Mzinga uliotoka majini ukasafishwa upesi ulifaa kwa vita, na bunduki isiyopata kuguswa na maji yaweza kuharibika ndani ya kabati kwa kusahauliwa.

Basi mwenye bunduki atakayeiweka muda mrefu na afanye hivi. Kwanza, aitoe risasi zote, na ahakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba chumba cha risasi ni kitupu. Pili, asafishe mtutu mpaka kitambaa kitoke kikiwa cheupe, aukaushe, kisha apake mafuta ya bunduki kwa wepesi, ndani na nje. Mafuta mengi si ulinzi mwingi: hutiririka kwenye mbao na kuzilainisha, hushika vumbi, na mwisho hugeuka gundi katika sehemu za kufyatulia. Tatu, baada ya kupaka asikiguse tena chuma kwa mkono mtupu.

Nne, asiiweke ndani ya mfuko wa ngozi wala wa kitambaa kinene. Wengi hudhani huko ndiko kuitunza, kumbe ngozi hunyonya unyevu na kuukumbatisha chuma usiku na mchana. Mahali pake ni sanduku la chuma lenye kufuli, lililoinuliwa juu ya sakafu na mbali na ukuta wenye maji. Ndani yake ziwekwe punje za silika zinazonyonya unyevu, na zikishiba zikaushwe kwa moto wa kiasi au zibadilishwe. Risasi zifungiwe mahali pengine.

Kila mwezi bunduki itolewe na kukaguliwa. Doa jekundu likionwa mapema huondoka kwa kitambaa na mafuta. Likiachwa huchimba vishimo visivyofutika. Na kabla ya kupiga, mtutu uchunguliwe mwanga upite toka mwanzo hata mwisho. Nyigu hupenda kujenga kwa udongo katika matundu, na kitambaa kilichosahauliwa huziba pia. Risasi ikikuta kizuizi, mtutu hupasuka usoni pa mpigaji. Mtutu uliochimbika upelekwe kwa fundi aliyeandikishwa na serikali, wala si kwa mhunzi wa sokoni.

Liko jambo moja zaidi, nalo huwapata watu wasio na hatia. Mzee mwenye cheti hufariki, na bunduki yake hubaki nyuma ya mlango au juu ya dari. Wanawe hawaisafishi kwa kuwa hawaijui, wala hawaitoi kwa kuwa ni kumbukumbu ya baba. Kwa Sheria ya Silaha ya Kenya, cheti ni cha mtu aliyeandikwa jina lake, hakirithiwi kama shamba. Anayeikalia silaha hiyo bila cheti avunja sheria, hata kama imeliwa na kutu kiasi cha kutofunguka. Njia iliyo salama ni kupeleka habari kituo cha polisi upesi, na kuikabidhi kama watakavyoagizwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kitambaa kikavu na matone machache ya mafuta kila mwezi ni gharama ndogo kuliko bunduki mpya, na ndogo mno kuliko matanga.