Walimnyima cheti, akafundisha mji mzima

Wewe uliyemaliza fomu foo, matokeo yakaja ya kulialia, na sasa unashinda kijiweni ukimwambia kila anayepita kwamba bila cheti mtu huwezi kufanya lolote, hebu sogea hapa. Na wewe dada unayefuma vitambaa vya makochi, halafu ukiulizwa unafanya kazi gani unajibu "nipo tu nyumbani", sogea vilevile. Leo nawaletea habari za mama mmoja wa Marekani, Ruth Asawa, aliyefariki Agosti 2013 akiwa na miaka 87. Kazi yake ilikuwa kufuma. Ila si uzi jamani. Waya!

Ndiyo, waya mtupu. Anapinda kitanzi kimoja, anapitisha kingine ndani yake, kisha kingine, mpaka linatokea umbo kama kibuyu. Ndani ya kibuyu kuna kibuyu kingine, na ndani yake kitu kama tone la maji. Linaning'inizwa darini, unaona mpaka ndani, na kivuli chake kinacheza ukutani. Ukitupia jicho haraka utadhani ni krosheti ya bibi yako. Mwaka 2020 kazi yake moja iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 5. Si mchezo!

Lakini sikukaa chini kuandika kwa ajili ya dola. Kilichonigusa mimi ni habari ya cheti.

KULALA BANDA LA FARASI

Ruth alizaliwa mwaka 1926 Norwalk, California. Wazazi wake walikuwa wakulima wa mboga waliotoka Japani, na nyumbani walikuwa watoto saba. Shuleni asubuhi, shambani jioni. Alikuwa akipenda kukaa nyuma ya chombo cha kusawazishia shamba kilichokokotwa na farasi, miguu inaning'inia, vidole vinachora mchangani maumbo ya kubonyea katikati na kutanuka tena. Maumbo hayohayo ndiyo aliyokuja kuyafuma ukubwani.

Desemba 1941 Japani ikaishambulia Pearl Harbor, na mambo yakaharibika. Februari 1942 baba mtu akakamatwa na FBI, na miaka ikapita bila Ruth kumwona. Miezi michache baadaye mama na watoto nao wakabebwa hadi kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Santa Anita. Nyumba yao ikawa banda la farasi, na harufu yenyewe ya farasi. Watu kama 120,000 wenye asili ya Kijapani walifungiwa hivyo kwenye makambi, wengi wao raia waliozaliwa hukohuko Marekani. Hakuna kesi, hakuna hukumu. Serikali ilikuja kuomba radhi mwaka 1988!

Sasa sikiliza. Humo ndani walikuwamo wachoraji waliokuwa wakifanya kazi katika studio za Walt Disney. Nao ni wafungwa kama wengine. Walipoona watoto wanashinda bure, wakaanza kuwafundisha kuchora. Ruth, msichana wa miaka 16, akapata walimu wa nguvu ndani ya seng'enge. Hili liweke kichwani, tutalirudia.

CHETI CHAOTA MBAWA

Mwaka 1943 akamaliza sekondari katika kambi nyingine, Rohwer huko Arkansas, akaruhusiwa kwenda chuo cha ualimu Milwaukee. Akasoma vizuri tu. Yakabaki mazoezi ya kufundisha darasani ili apate cheti chake. Hapo ndipo alipoambiwa kwamba hakuna shule itakayompokea kwa sababu ya Ujapani wake. Bila mazoezi hakuna cheti. Miaka mitatu kwishnei, binti akaondoka mikono mitupu.

Ingekuwa wengine wetu, tungekuwa tunausimulia mkosi huo kijiweni mpaka leo. Ruth alikwenda zake North Carolina mwaka 1946, kwenye chuo kidogo kilichoitwa Black Mountain. Huko alimkuta Josef Albers, mwalimu aliyeihama Ujerumani ya Hitler, ambaye alimfundisha kukitazama kitu cha kawaida kama vile hajawahi kukiona.

Kiangazi cha 1947 akaenda Toluca, Mexico, na huko akawaona mafundi wakisuka vikapu vya waya vya kuwekea mayai. Akaomba kuonyeshwa, naye fundi akamwonyesha. Basi! Mkono wa fundi wa kikapu cha mayai ndio uliozaa hizo kazi za mamilioni.

Mwaka 1949 akaolewa San Francisco na Albert Lanier, Mzungu, msanifu wa majengo. Mwaka mmoja tu nyuma sheria ya California ilikuwa bado inakataza ndoa ya namna hiyo. Wakajaliwa watoto sita. Nyumba ndiyo karakana, mama anafuma huku watoto wanatambaa miguuni pake. Waya unachoma na kukata, kwa hiyo alikuwa akijifunga plasta vidoleni na kuendelea. Wajuzi wa sanaa wa miaka ya 1950 walimwandika kama mama wa nyumbani mwenye kazi za mikono. Hakuwajibu kwa maneno.

UNGA, CHUMVI NA MAJI

Watoto walipoanza shule, akaona masomo ya sanaa pale shuleni ni ya kubahatisha. Mwaka 1968 yeye na mzazi mwenzake, Sally Woodbridge, wakaanzisha mafunzo ya sanaa katika Shule ya Alvarado. Fedha zilikuwa za mawazo. Wakaokota makatoni ya maziwa, trei za mayai na vipande vya vitambaa. Udongo wa kufinyangia wakaukanda wenyewe. Nao huu hapa, ukajaribu na wadogo zako: vikombe vinne vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, kimoja na nusu cha maji. Kanda, finyanga, oka.

Wazazi wakaingia darasani, na wasanii wa kweli wakaja kufanya kazi mbele ya watoto. Mpango ukasambaa shule nyingi za mji ule.

Halafu akapewa kazi kubwa ya kutengeneza chemchemi ya mapambo katikati ya mji, mbele ya hoteli. Mwingine angejifungia ndani atengeneze jina lake. Ruth akakanda unga wake uleule, akawaita watu kama 250, wengi wao watoto wa shule, wakaufinyanga mji wao: majumba, madaraja, barabara za vilimani. Yote yakamiminwa shaba, na chemchemi ikafunguliwa mwaka 1973. Mwaka 2013 kampuni ya Apple ilipoleta mchoro wa duka jipya pale bila chemchemi ile, wenye mji wakaja juu. Ikabaki mahali pake.

Mwaka 1982 San Francisco ikapata sekondari ya serikali ya sanaa, ambayo yeye alikuwa ameipigania. Tangu 2010 inaitwa kwa jina lake.

HAKUTAKA UDAKTARI

Na ile Milwaukee je? Mwaka 1998 chuo kikuu cha huko kilitaka kumtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Hapa kwetu kuna watu wanausaka huo "Dokta" kwa udi na uvumba. Mama wa miaka 72 akasema hapana, nipeni ile shahada yangu ya kwanza niliyoisomea. Wakampa. Alidai kilicho chake, basi.

Lakini angalia, kilipofika alikuwa ameshafundisha watoto wa mji mzima.

Nami nikiri jambo. Nilipotoka shule nilijaribu kujifunza cherehani kwa fundi mmoja wa mtaani. Nilifagia, nilipiga pasi, nilitumwa soda. Siku ya kukata suruali akanigeuzia mgongo nisione mkasi unapita wapi. Mpaka leo sijui kukata suruali. Mafundi wa namna hiyo tunao wengi, wanaogopa kwamba ukijua, watakosa wateja. Wachoraji wa kambini wangefanya hivyo, au yule fundi wa Toluca, Ruth angebaki na machungu yake tu. Yeye alipewa bure, akagawa bure, na hakupungukiwa chochote.

Kwa hiyo dada wa vitambaa, yule mtoto wa jirani anayekodolea macho sindano yako usimfukuze. Msogezee kigoda. Na wewe wa kijiweni, najua kuna kitu mkono wako unakiweza. Nani umeshamwonyesha?

Haya, tukutane wiki ijayo.